Mwalimu wa Mtandaoni na Mkufunzi wa Kata: Somo la UPE kwa Mafunzo ya Leo

Kidahwe, mkoani Kigoma, ni njia panda: barabara moja inakwenda Kasulu, nyingine Uvinza, ya tatu inateremka Kigoma mjini na ziwani. Miaka ya karibuni jina lake limezidi kutajwa katika habari za nishati, kwa kuwa ndipo palipochaguliwa kujengwa kituo cha kupozea umeme wa njia ya kilovolti 400 itokayo Nyakanazi. Mkoa ulioishi kwa majenereta ya dizeli ulianza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Ni rahisi basi kudhani kwamba kizuizi cha ufundishaji wa mtandaoni kinaondoka pamoja na majenereta hayo. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Umeme na intaneti humfikisha mwalimu kwa mwanafunzi, lakini hakuna nguzo inayomfunza mwalimu namna ya kumfundisha mtu asiyemwona.

Tuangalie kosa moja. Mwanafunzi amepewa swali la kujumlisha nusu na theluthi moja, akajibu 2/5. Darasani mwalimu anapita kati ya madawati, anaona kalamu ikijumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini, anainama, anauliza swali moja na mtoto anajirekebisha. Kwenye simu linakuja jibu peke yake, pengine ni picha yenye ukungu iliyotumwa usiku wakati bando ni nafuu. Mwalimu asiyeandaliwa huweka alama ya kosa, hutuma jibu sahihi na kuendelea. Aliyeandaliwa alikwisha kulitunga swali kwa namna inayomlazimu mwanafunzi kuonyesha njia, na anaporudisha kazi huandika maoni yatakayomfanya mtoto aone mwenyewe kuwa 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Huo ni ujuzi wa ualimu, na haupatikani kwa kufundishwa kufungua akaunti, kupakia faili na kunyamazisha vipaza sauti, mambo ambayo semina nyingi za ufundishaji wa mtandaoni huishia kwayo.

Ajabu ni kwamba Tanzania iliwahi kulishughulikia tatizo la jirani, la kumwandaa mwalimu kutoka mbali, kwa kiwango kikubwa, kabla ya kompyuta. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyojulikana kwa kifupisho cha UPE, ifikiwe mwaka 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa kuwa walimu hukohuko vijijini: masomo yalikuja kwa posta, vipindi vikasikika redioni, na wao wenyewe wakawa wanafundisha huku wakijifunza. Waliandikishwa zaidi ya 45,000. Takriban 38,000 walihitimu.

Walimu wa UPE walidharauliwa, na mengi ya lawama yalikuwa na msingi, kwani mtu wa darasa la saba alikuwa akimfundisha wa darasa la kwanza hadi la nne kabla hajaiva mwenyewe. Lakini udhaifu huo ulitokana na kiwango cha elimu walichoingia nacho na haraka ya taifa. Mpangilio wenyewe ulikuwa na kiungo kimoja ambacho mafunzo mengi ya mtandaoni hayana, nacho ni mkufunzi wa kata. Huyu aliwakusanya wanafunzi wa ualimu kujadili masomo ya posta, aliingia madarasani mwao kutazama wanavyofundisha, na mwisho walipitia mafunzo ya ana kwa ana kabla ya kupewa cheti. Kwa maneno mengine, umbali ulikuwa wa karatasi na sauti. Tathmini ya kazi ya mwalimu ilibaki mikononi mwa mtu aliyemwona akifundisha. Miaka ya 2000, wahitimu wa kidato cha sita walipopigwa msasa kwa wiki chache na kupelekwa sekondari za kata, wananchi wakawaita walimu wa vodafasta, yaani wa harakaharaka. Nadhani wananchi waliona sawasawa kilichokosekana.

Hali ya sasa si ya kukatisha tamaa. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaweka moduli kwenye mfumo wa kielektroniki wa Taasisi ya Elimu Tanzania, huku walimu wakikutana katika jumuiya za ujifunzaji shuleni kwao na kwenye klasta. Huo ni urithi wa mkufunzi wa kata, hata kama hautajwi hivyo. Hata hivyo, MEWAKA hutumia mtandao ili mwalimu ajifunze; kumwandaa afundishe kwa mtandao ni kazi nyingine. Aliyesoma moduli kumi kwenye simu hajawa mwalimu wa simu, kama ambavyo msikilizaji wa redio hawi mtangazaji.

Kinachotakiwa ni mazoezi ya kufundisha, yale ambayo kila mwanachuo wa vyuo vya ualimu vya Kasulu au Kabanga anayajua kwa jina la BTP, yafanyike pia mtandaoni na yakaguliwe. Mkufunzi aingie kwenye kipindi, asome maoni yaliyoandikwa kwenye kazi za wanafunzi, ahesabu ni wangapi walinyamaza na mwalimu alifanya nini kuwatafuta. Kidahwe inafaa kuwa kituo cha zoezi kama hilo: mwalimu wa barabara ya Kasulu anaifikia, na kazi yake inaweza kuwahudumia watoto wa kata za mwambao kama Buhingu na Kalya, ambako mwalimu wa hisabati akihama, kumpata wa kumrithi ni shughuli. Gharama kubwa hapo ni muda na posho ya mkufunzi, wala si vishikwambi, na ndiyo maana hupunguzwa ya kwanza bajeti inapobana.

Wizara na vyuo vitakapoandika mwongozo wa mafunzo ya ualimu wa mtandaoni, vianze na swali la nani atakagua vipindi vya mwanachuo na mara ngapi. Mwongozo usiojibu hilo haustahili kupitishwa, hata ukiwa na orodha ndefu kiasi gani ya vifaa.