Chombo na Mwalimu: Pengo la Teknolojia katika Shule za Kenya, 1967–2021

Historia ya vyombo vya kisasa katika elimu ya Kenya aghalabu husimuliwa kwa hesabu ya vyombo vyenyewe: vilinunuliwa vingapi, vikagawiwa wapi, kwa fedha kiasi gani. Hesabu hiyo ina manufaa yake, lakini huficha maswali mawili mazito zaidi: ni nani aliyekaa kando ya chombo kilipofika, na chombo hicho kilisema kwa lugha gani?

Mwaka 1967 kitengo cha masomo kwa njia ya posta kilianzishwa huko Kikuyu chini ya chuo kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa walimu wa shule za msingi waliotaka kuongeza elimu. Redio ilitumika, ila haikutumwa peke yake. Ilifuatana na vijitabu vilivyopigwa chapa, na wasahihishaji waliorudisha kazi kwa posta, na mikutano ya ana kwa ana wakati wa likizo.

Jaribio la pili ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Kati ya 1980 na 1985, kwa msaada wa Marekani, mradi wa redio uliendeshwa nchini ili kufundisha Kiingereza katika madarasa matatu ya mwanzo. Somo lilidumu takriban nusu saa kila siku ya shule. Sauti ya redioni iliuliza, ikanyamaza, na watoto wakajibu kwa kelele kabla haijaendelea, mwalimu akiwa mumo humo darasani. Redio ya betri haikuhitaji nguzo ya umeme, na matokeo ya majaribio yalikuwa mema. Mradi ulikoma mwaka uleule ambao mfumo wa 8-4-4 ulianza na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Mbinu ilikuwapo, tena imekwisha kujaribiwa papa hapa. Hata hivyo, ilipovuka mipaka ilikwenda Lesotho, na huko pia ilifundisha Kiingereza.

Kompyuta zilipokuja, Kiswahili kilizipokea kwa bidii ya istilahi. Vitabu vya shule vya Kenya viliingiza tarakilishi, kipakatalishi, kiwambo, baobonye na puku, na kizazi kizima kikayakariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani. Hapana budi kukiri kwamba wengi wao waliweza kutaja puku kabla ya kuigusa. Msamiati ulitangulia kitu, jambo lisilo la kawaida katika historia ya maneno ya mkopo, ambako kwa desturi kitu huja na jina lake mkononi.

Katika uchaguzi wa 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa mwaka 2014, na ugawaji ulipoanza mwaka 2016 kipakatalishi kilikuwa kimegeuka kishikwambi. Kufikia 2019 vishikwambi zaidi ya milioni 1 vilikuwa vimefika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Ili vipate kutiwa chaji, maelfu ya shule yalivutiwa umeme au kuwekewa mitambo ya jua. Na pengine hiyo ndiyo faida itakayodumu kuliko vishikwambi vyenyewe.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Vishikwambi vilikuwa mali ya shule, havikukusudiwa kwenda nyumbani. Masomo yakahamishiwa redioni, kwenye runinga na kwenye intaneti. Lakini sensa ya 2019 ilikuwa imeonyesha kwamba kati ya kila kaya 100, ni takriban 57 tu zilizokuwa na redio mbali na ile ya simu, 41 zilikuwa na runinga inayofanya kazi, 18 zilikuwa na intaneti, na 9 zilikuwa na kompyuta au kishikwambi. Tena redio hii haikuwa ile ya 1980. Mtoto aliisikiliza peke yake, mwalimu akiwa nyumbani kwake, na swali likikosewa hapakuwa na wa kusahihisha. Mtoto wa Nairobi mwenye simu ya mzazi na fedha za bando aliendelea kusoma. Mwenzake wa Turkana alikwenda malishoni.

Tarehe 7 Julai 2020 Waziri wa Elimu, George Magoha, alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo ungehesabiwa kuwa umepotea. Mwezi huohuo mabaluni ya kampuni ya Loon yalianza kurusha intaneti kutoka angani juu ya maeneo ya magharibi na ya kati ya Kenya. Madarasa machache yalirejea tarehe 12 Oktoba, na wanafunzi wote tarehe 4 Januari 2021. Kabla mwezi huo wa Januari haujaisha, Loon ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake.