Siku za Sikelo Zilizopotea: Korona na Kliniki ya Watoto Wadogo

(Muziki unashuka.)

Leo tunarudi nyuma mpaka mwaka 2020, lakini barakoa na ndoo za kunawia tutaziacha, maana hayo umeyasikia mpaka umechoka. Tutazungumza juu ya mzani wa watoto.

Sisi tuliotoka Kongo, Burundi na Rwanda tulikuja na maneno yetu ya kliniki, ila hapa Malawi sote tumejifunza neno moja: sikelo. Mzani unaning'inia, mtoto anavalishwa ile suruali ya kupimia, analia, na uzito wake unaandikwa kwenye kijitabu. Lakini siku hiyo si ya uzito peke yake. Ndiyo siku ya chanjo, ndiyo siku ya matone ya vitamini A, na ndiyo siku ambayo nesi anaweza kuona mtoto anakonda kabla mama mwenyewe hajatambua. Kliniki ya namna hii ilikuzwa hapa hapa Afrika. Daktari Mwingereza David Morley aliijenga katika vijiji vya magharibi mwa Nigeria miaka ya 1950 na 1960, na kadi ya mtoto aliamua akae nayo mama nyumbani, isikae kabatini hospitalini.

Sasa tazama siku ya sikelo ilivyo. Akina mama wengi kwenye benchi moja, magoti yanagusana, mzani mmoja, na mikono ya mhudumu inashika mtoto mmoja baada ya mwingine. Kwa ugonjwa unaopita kwa pumzi, hakuna mahali pa kutisha zaidi.

Tarehe 20 Machi 2020 Rais Peter Mutharika alitangaza hali ya maafa. Shule zilifungwa, na mikusanyiko ya watu zaidi ya 100 ilikatazwa. Tarehe 2 Aprili wagonjwa watatu wa kwanza walitangazwa, wote wa Lilongwe. Kisha serikali ikasema watu wafungiwe ndani siku 21 kuanzia tarehe 18 Aprili, lakini Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo siku moja kabla, baada ya watetezi wa haki kuuliza maskini watakula nini. Kwa hiyo Malawi haikufungwa kama nchi nyingine zilivyofungwa. Naomba ulishike hilo, kwa sababu watu wengi husema serikali ndiyo iliyofunga kliniki za watoto. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaeleza tarehe 26 Machi: kampeni kubwa za chanjo zisimame kwa muda, lakini chanjo za kawaida za kliniki ziendelee. Mimi naona mambo haya mawili yalichanganyika masikioni mwa watu. Waliosikia "zisimame" walikuwa wengi kuliko waliosikia "ziendelee".

Basi kilichowazuia wengi ni woga, na woga ule ulikuwa na sababu zake. Wahudumu wenyewe waliogopa. Aprili ile wauguzi wa hospitali kuu ya Blantyre waligoma kwa kukosa vifaa vya kujikinga. Halafu ukaja uvumi. Mwanzoni mwa Aprili madaktari wawili Wafaransa walizungumza kwenye televisheni juu ya kujaribu kinga ya korona Afrika, na siku chache baadaye mkuu wa Shirika la Afya Duniani akayaita maneno hayo ya kibaguzi. Wiki hiyo hiyo, kule Kinshasa, Profesa Muyembe alisema Kongo iko tayari kwa majaribio ya chanjo. Watu walikasirika, ikabidi aeleze upya. Maneno hayo yalisafiri kwa simu mpaka makambini, na yalipofika hayakutofautisha tena chanjo ya korona na chanjo ya surua ambayo watoto wetu wanapata miaka yote.

Sisi Wakongo tulikuwa na la kujifunza kutoka nyumbani. Ebola ya Kivu na Ituri, kuanzia 2018 hadi Juni 2020, iliua watu 2,287, na dunia nzima iliijua. Katika miaka hiyo hiyo surua iliua watoto zaidi ya 7,000 nchini kote Kongo. Surua! Ugonjwa ambao chanjo yake ipo tangu miaka ya 1960. Ugonjwa mkubwa ukija, macho yote, magari na pesa hukimbilia huko, na mdogo unapita mlango wa nyuma.

Akina baba, msizime redio, hili la Lilongwe linawahusu pia. Aprili 2019 Malawi ilikuwa nchi ya kwanza kuanza kuwapa watoto chanjo mpya ya malaria katika mpango wa majaribio, na uzinduzi ulifanyika Lilongwe. Dozi tatu zilitolewa kuanzia miezi 5, na ya nne miezi 22. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyeanza akiwa na miezi 5 mwezi ule alifikisha miezi 22 Septemba 2020, korona ikiwa katikati.

Kisha polio. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa haina tena polio ya asili. Malawi yenyewe ilikuwa haijaona mgonjwa tangu 1992. Novemba 2021 mtoto mdogo wa kike mjini Lilongwe alipooza, na tarehe 17 Februari 2022 serikali ikatangaza kwamba ni polio, ya ukoo wa virusi vilivyokuwa Pakistan. Siwezi kusema korona ndiyo iliyoileta. Lakini mwaka 2021 watoto milioni 25 duniani walikosa dozi moja au zaidi za chanjo za msingi, na kirusi kinachosafiri hutafuta watoto kama hao. Machi 2022 wahudumu walianza kupita nyumba kwa nyumba Malawi wakiwa na matone kwa watoto milioni 2.9, na nchi jirani, Tanzania, Zambia na Msumbiji, zikafuata. Msumbiji nayo ilipata wagonjwa wake. Mlipuko ulitangazwa kwisha Mei 2024, zaidi ya miaka miwili baadaye.

Kuna jambo moja jema lililotoka katika kipindi kile. Kwa kuwa kupima uzito kulileta msongamano, UNICEF na wengine walihimiza mama afundishwe kupima mkono wa mtoto wake mwenyewe kwa ule utepe wa rangi, kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, na mtoto huyo apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Na kwa mama ambaye kijitabu kina nafasi tupu za miaka ile au za mwaka huu: dozi zilizorukwa hazirudishi mtoto mwanzo. Nesi anaendelea pale zilipoishia.