Karamu ya Miaka 18: Tumpeleke Wapi Mtoto?

Ndugu msikilizaji, siku hizi mijini imeota mizizi desturi ambayo wazee wetu hawakuijua. Mtoto akitimiza miaka 18, familia huvaa nguo nzuri, hupanda gari, hata kama gari lenyewe ni daladala, na kwenda kula nje. Wiki mbili tatu kabla ya siku hiyo huwa ni mjadala nyumbani. Twende wapi? Kwenye pilau nzuri au kwenye taa nzuri? Wapo wanaosema kwamba huo ni uzungu mtupu. Mimi sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba swali hilo lina historia ndefu kuliko tunavyodhani, na mzazi anayeijua historia hiyo atachagua mahali kwa jicho jingine.

Tuanze na umri wenyewe. Miaka 18 ni hesabu ya sheria. Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa raia haki ya kupiga kura akishatimiza umri huo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini yake ni mtoto. Waingereza, ambao tulirithi kwao sheria nyingi, walikuwa wakihesabu miaka 21 mpaka waliposhusha kuwa 18 kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Wajapani walihesabu miaka 20, nao wakashusha kuwa 18 mwezi Aprili 2022. Kwa hiyo namba hiyo haikuandikwa mwilini mwa mtoto. Ni mapatano ya watu.

Wazee wetu walikuwa na mapatano mengine. Wengi wao hawakujua tarehe waliyozaliwa. Mtu alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au wakati wa Vita vya Maji Maji. Utu uzima haukutoka kwenye kalenda, ulitoka jandoni na unyagoni. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu kutoka upande wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, alizieleza desturi hizo katika kitabu cha Desturi za Waswahili kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Kijana aliwekwa kando, akafundishwa, kisha akatolewa hadharani kwa ngoma na karamu. Karamu ile haikuwa zawadi kwa mtoto. Ilikuwa tangazo kwa jamii: huyu mliyemjua jana, leo ni mwingine, mchukulieni hivyo.

Wenzetu Wamaasai walilisema jambo hilo kwa chakula chenyewe. Kwa mila zao, morani hali wala hanywi maziwa peke yake. Hula pamoja na wenzake wa rika, na nyama yake haionwi na wanawake walioolewa. Miiko hiyo huondolewa hatua kwa hatua, kwa sherehe maalumu, kadiri anavyoelekea kuwa mzee. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliziingiza sherehe tatu kubwa za rika la wanaume wa Kimaasai, yaani Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Utaona basi kwamba kwao swali la nani anakula nini, wapi, na mbele ya nani, ndilo swali la nani ni mtu mzima.

Sasa tuje kwenye mgahawa. Wengine huita mkahawa, na maneno yote mawili yananukia kahawa. Sisi huita hata hoteli, ingawa ndani hamna kitanda hata kimoja. Miji ya Uchina, kama Kaifeng na Hangzhou, ilikuwa na nyumba za kulia chakula zenye kila aina ya mapishi tangu zama za wafalme wa Song, zaidi ya miaka 700 iliyopita. Ulaya ilichelewa. Msafiri wa huko alikula katika nyumba ya wageni, kwenye meza ya wote, saa aliyopanga mwenye nyumba, na chakula alichopika mwenye nyumba. Katika miaka ya 1760, mjini Paris, wakaanza watu kuuza mchuzi wa kurudisha nguvu, na neno la Kifaransa la mchuzi huo ndilo lililokuja kuwa jina la mgahawa. Jambo jipya halikuwa mchuzi. Jambo jipya lilikuwa kwamba mteja alipewa meza yake mwenyewe, alikuja saa aliyotaka, na alichagua kutoka kwenye orodha yenye bei. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1789, migahawa ya namna hiyo ikaongezeka sana. Pesa ikawa ndiyo mwaliko.

Kwa maneno hayo, mgahawa ulipaswa kuwa mahali ambapo ukoo na cheo havina kazi. Mwenye nauli apande, mwenye bei ale. Lakini ulipofika kwetu, ulifika umepanda meli ya mkoloni, na mlangoni pakawekwa kipimo kingine.

Nairobi, hoteli ya Norfolk ilifunguliwa mwaka 1904 ikawa makao ya walowezi. Dar es Salaam, Wajerumani walijenga hoteli yao, Kaiserhof, ambayo baada ya wao kushindwa vita ikaja kuitwa New Africa. Miji yenyewe ilikatwa vipande: Uzunguni, Uhindini, na sisi tukapewa upande wa Kariakoo. Katika kumbi zile za chakula Mwafrika aliingia, tena kila siku. Aliingia kwa mlango wa nyuma, amevaa kanzu nyeupe, amebeba sinia. Na jina lake, awe na miaka 20 au 60, lilikuwa moja: boi.

Naomba tulitazame neno hilo. Tumelizoea mno hata tumesahau maana yake. Kwa Kiingereza lina maana ya mtoto wa kiume. Mzee mwenye wajukuu, aliyepita jandoni, ambaye kijijini kwake hakuna harusi iliyofungwa bila neno lake, alipovuka mlango wa ukumbi ule aligeuka mtoto. Hakuna umri ambao angeutimiza akatoka humo. Ferdinand Oyono wa Kameruni aliandika riwaya juu ya maisha hayo mwaka 1956, na wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina hilo hilo, Boi. Sisi lugha yetu husema mtu mzima, yaani mtu aliye kamili, asiyepungua. Ukumbi ule ulikuwa mahali pa kumpunguza mtu.

Wala haikuwa kwetu tu. Afrika Kusini waliiandikia jambo hilo sheria kabisa mwaka 1953, ya kutenga mahali pa umma kwa rangi, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1990. Marekani, mwezi Oktoba 1957, waziri wa fedha wa Ghana, Komla Agbeli Gbedemah, aliingia katika mgahawa mjini Dover, jimbo la Delaware, akaagiza maji ya machungwa. Akaambiwa anaweza kuyachukua lakini hawezi kukaa humo kuyanywa. Waziri wa nchi huru! Habari zikafika mbali, na Rais Eisenhower akalazimika kumwalika kifungua kinywa Ikulu ya Marekani kufuta aibu.

Kisha wakaja vijana. Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi wa mwaka wa kwanza wa chuo, mmoja wao akiwa bado na miaka 17, waliingia katika duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina. Wakanunua vitu vidogo dukani, wakalipa, wakapokelewa pesa zao bila shida. Kisha wakaketi kwenye kaunta ya chakula ya duka lile lile, wakaomba kahawa. Wakanyimwa. Hawakutukana, hawakuvunja kikombe. Walikaa mpaka duka lilipofungwa, na kesho yake wakarudi na wenzao. Katika muda wa miezi miwili jambo hilo lilikuwa limeenea katika miji mingi ya kusini. Tarehe 25 Julai mwaka huo duka lilikubali, na weusi wa kwanza kuhudumiwa kwenye kaunta ile walikuwa wafanyakazi wa duka lenyewe. Fikiria, msikilizaji: mtu aliyekuwa akihudumia wengine mahali pale, na mwenyewe hana ruhusa ya kuketi. Sheria ya nchi nzima ya kuifungua milango hiyo ikapitishwa mwezi Julai 1964.

Ukiniuliza mimi, wale vijana wanne walifanya karamu ya utu uzima ambayo haina mfano, na hawakula kitu.

Turudi nyumbani. Tulipopata uhuru mwaka 1961, tulijaribu kulizika neno boi kwa neno ndugu. Waziri ndugu, mfagizi ndugu. Wapo waliocheka, lakini lilikuwa jambo kubwa. Halafu ikaja dhiki ya miaka ya mwisho ya sabini na miaka ya themanini. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula hazina, mshahara haukufika katikati ya mwezi, na akina mama wakatoka barabarani na sufuria zao. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilifanya wengi wenye biashara ndogo kukamatwa na kurudishwa vijijini. Akina mama wale hawakukoma. Walilisha wajenzi, makuli, makarani, na wanafunzi. Nao wakapata jina: mama ntilie. Sikiliza vizuri jina hilo. Pale kwenye hoteli kubwa anayehudumia aliitwa mtoto. Hapa kwenye benchi, chini ya mwembe, anayehudumia anaitwa mama, na mteja ndiye anayeomba: nitilie. Watu wasio na ukumbi wala vitambaa vya meza ndio waliolirudisha jambo mahali pake.

Mwaka huu mjadala huo umeingia nyumbani kwangu. Binti yangu anatimiza miaka 18, naye anataka hoteli ya ufukweni yenye mishumaa mezani. Shangazi yake anasema tupike nyumbani, tukaribishe jirani. Mama yangu mzazi ametoa sharti moja tu: "Nitakwenda mnakokwenda, lakini wali nitakula kwa mkono wangu." Mimi sikumkatalia binti wala sikumkubalia. Nilimwambia twende kwanza tukapaangalie mahali hapo wawili, siku ya kawaida, tunywe chai tu. Sikwenda kutazama mishumaa. Nilikaa nikatazama wahudumu wanavyoitwa.

Maana hapo, ndugu msikilizaji, ndipo historia yote hii inapotufikisha. Siku hizi hakuna anayetuzuia mlangoni kwa rangi. Lakini keti katika mgahawa wowote wa mjini jioni ya Jumamosi usikilize. Utasikia watu wazima wakipiga mluzi. Utasikia vidole vikialika. Utasikia "we dogo, hebu njoo" akiambiwa baba wa watoto wanne. Mkoloni aliondoka na bendera yake, ila neno lake tumelibadilisha sauti tu na kuendelea kulitumia sisi kwa sisi.

Kwa hiyo mzazi unayetafuta mahali, nakushauri mambo machache. Tazama bei mapema, usije ukakopa kwa ajili ya sahani moja. Uliza kama bibi na babu watapanda ngazi zile, na kama wataweza kunawa na kula kwa mkono bila kutazamwa. Ikiwa mahali hapo patamfanya bibi ajione mgeni katika karamu ya mjukuu wake, basi hapafai, hata pakiwa na chakula cha namna gani. Mwachie mtoto asome orodha mwenyewe, aagize mwenyewe, na umkabidhi bahasha ya pesa alipe yeye, ajue kila kilicholiwa kimegharimu nini na kimetoka katika jasho la nani.

Kisha mtazame anavyozungumza na yule anayeleta chakula. Kama anamwangalia usoni, anamwita kaka au dada au mama kwa kadiri ya umri wake, anasema tafadhali na asante bila kukumbushwa, basi umeleta mtu mzima mezani, iwe ni ufukweni au kwenye benchi la mama ntilie. Na kama hawezi, miaka 18 imetimia kwenye cheti tu, na kazi ya malezi bado ipo mikononi mwako.