Umeme Badala ya Mafuta: Mabadiliko Ndani ya Mwili wa Ndege

Ndege za mwanzo ziliongozwa kwa misuli ya rubani. Kamba za chuma zilitoka kwenye usukani, zikapita kwenye kapi hadi mabawani na mkiani. Ndege zilipozidi ukubwa na kasi, mikono ilishindwa na upepo, na kazi ikachukuliwa na mafuta ya haidroliki. Pampu inayozungushwa na injini huyasukuma kwa shinikizo la pauni 3,000 kwa inchi ya mraba, kiasi kwamba silinda ndogo huweza kukunja magurudumu makubwa. Mota za umeme za zama hizo zilikuwa nzito mno kufanya kazi hiyo.

Udhaifu wa haidroliki ni mabomba yake marefu. Tarehe 19 Julai 1989, injini ya mkiani ya ndege ya DC-10 ya shirika la United ilipasuka juu ya Marekani, na vipande vyake vikaiharibu mifumo yote mitatu ya mafuta. Kila mmoja ulikusudiwa kuwa akiba ya mwenzake, lakini yote ilikutana mkiani. Kwa ustadi wa kustaajabisha, marubani waliifikisha ndege Sioux City kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki. Kati ya watu 296, 184 walinusurika.

Njia nyingine ilikuwa imeshaonyeshwa na Waingereza. Katika ndege yao ya VC10, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1962, vipande vya kuongozea ndege viliendeshwa na vifaa vilivyojitegemea, kila kimoja kikiwa na mota, pampu na mafuta yake machache. Kilichosafiri masafa marefu ndani ya ndege ni umeme. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kutumia Super VC10 mwaka 1966, kwa hiyo abiria wa Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam waliujua usafiri huo mapema.

Airbus A320 ya mwaka 1987 husifiwa kwa kuongozwa kwa umeme, lakini hapo umeme ulibeba amri tu. Nguvu ilibaki ya mafuta. Hatua kubwa ilikuja na A380, iliyoruka mwaka 2005: mifumo miwili ya haidroliki ikasaidiwa na miwili ya umeme, na uzito ukapungua.

Boeing 787, inayotumiwa leo na Kenya Airways na Air Tanzania, ilikwenda mbali zaidi. Injini zake mbili zina jenereta nne za kVA 250 kila moja. Breki, uwashaji wa injini na hewa ya abiria vyote hutegemea umeme. Gharama ya utegemezi huo ilionekana Januari 2013, betri za lithiamu zilipoungua na ndege zote za aina hiyo zikasimamishwa.

Hata hivyo, 787 bado ina mifumo mitatu ya haidroliki. Sababu moja ni kwamba mota inayosukuma kwa skrubu inaweza kukwama na kukishikilia kibawa, yaani kipande cha kuongozea ndege, mahali pamoja, ilhali silinda ya mafuta iliyoharibika hufunguliwa, mafuta yakapita, na kibawa kikaendeshwa na silinda ya pili. Ndiyo maana skrubu za umeme zimepewa baadhi ya vibawa vya kupunguzia nguvu ya kuinua ndege, huku vile vikuu vya kuongozea vikiachiwa mafuta.