Alama za Ugonjwa na Lakabu Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Miongoni mwa Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera, uzuri tangu zamani ulitazamwa katika kimo, shingo ndefu, meno meupe na ngozi nyororo. Ngozi ndiyo iliyohangaikiwa zaidi. Wanawake waliosha uso kwa qasil, unga wa majani makavu ya mkunazi, wakajisinga kwa manjano, hasa harusi ilipokaribia. Ndui iliharibu kazi yote hiyo kwa majuma machache: aliyepona alibaki na vishimo usoni maisha yake yote, na wengine walipofuka.

Jamii haikuzifumbia macho alama hizo. Majina kama Mohamed, Abdi na Hassan hujirudia katika kila ukoo, kwa hiyo watu hutambulishwa kwa lakabu, na nyingi hutokana na mwili. Dheere ni mrefu, Indhoole ni kipofu, Dhegoole ni kiziwi. Imamu Ahmad, aliyepigana na Wahabeshi katika karne ya 16, hadi leo huitwa Gurey, kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto. Desturi hii ina heri yake, maana kasoro inayotajwa mchana kweupe haina haja ya kunong'onwa. Lakini mwenye jina hakuombwa ridhaa, na ugonjwa wa majuma machache uliweza kumfuata hadi uzeeni. Mzigo huo pia haukuwa sawa kwa wote. Mwanamume alisifiwa kwa mifugo, ushujaa na ufasaha. Msichana alitajwa kwanza kwa sura yake, hata kabla ya posa.

Katika miaka ya 1970 makovu hayo yalipata kazi nyingine. Mwaka 1977 Somalia iliandikisha wagonjwa wa ndui zaidi ya 3,200, na kwa kuwa wafugaji huvuka mpaka wakifuata malisho, Kenya nayo haikuwa salama. Watumishi wa afya walizunguka na kadi zenye picha ya mgonjwa, wakakagua nyuso za watoto: pale ambapo wadogo hawakuwa na makovu, maambukizi yalikuwa yamekoma. Mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida duniani alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca nchini Somalia, Oktoba 1977. Tarehe 26 Oktoba 1979, jijini Nairobi, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetoweka katika Pembe ya Afrika.

Polio ilidumu zaidi. Haiachi makovu usoni, bali huweza kudhoofisha miguu, na katika jamii inayohama na mifugo, kutoweza kutembea humwondolea kijana nafasi aliyoitarajia. Mwaka 2013 ilizuka Somalia, ikafika Dadaab katika kaunti ya Garissa, na Kenya ikapata wagonjwa 14. Maalin, aliyekuwa akiwahimiza wazazi wa Somalia wakubali chanjo kwa kuwasimulia yaliyompata, alifariki kwa malaria Julai mwaka huohuo, akiwa bado katika kazi hiyo.