Vipandikizi vya meno katika taya la juu lisilo na meno

'''Vipandikizi vya meno''' ni skrubu ndogo, kwa kawaida za titani, ambazo daktari hutia ndani ya mfupa wa taya ili zishike meno ya bandia. Kwa mtu aliyepoteza meno yote ya juu, zipo njia za kuvitumia bila upasuaji wa kuongeza mfupa.

== Historia ==
Katika miaka ya 1950 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Uswidi, aligundua kwamba titani hushikana na mfupa hai. Mwaka 1965 alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa vipandikizi hivyo mjini Gothenburg.

== Tatizo la taya la juu ==
Meno yakishang'oka, mfupa uliokuwa ukiyashika hupungua. Mfupa wa taya la juu kwa kawaida ni laini kuliko wa chini. Tena juu ya mahali pa magego kuna sinasi, yaani uwazi wenye hewa, ambao huweza kupanuka na kuacha mfupa mwembamba. Mara nyingi daktari huinua utando wa sinasi na kujaza mfupa chini yake. Mgonjwa huweza kusubiri miezi kadhaa hadi mfupa huo ukomae.

== Njia za kupunguza upasuaji ==
* '''Vipandikizi vinne''': viwili vya mbele husimama wima, viwili vya nyuma hulazwa hadi nyuzi 45 ili kuikwepa sinasi. Njia hii iliendelezwa na Paulo Maló wa Ureno. Mara nyingi meno ya muda hufungwa siku hiyohiyo au baada ya siku chache.
* '''Vipandikizi vifupi''': hutoshea kwenye mfupa wenye kimo kidogo.
* '''Kutoboa ufizi bila kuupasua''': hupunguza uvimbe na maumivu. Kwa kuwa daktari hauoni mfupa, huongozwa na picha za CT.
* '''Meno ya kuvua''': hubanwa juu ya vipandikizi vichache, na mgonjwa huyatoa kuyasafisha.

Mfupa ukiwa umekwisha kabisa, vipandikizi virefu huweza kushikizwa katika mfupa wa shavu. Huo ni upasuaji mkubwa zaidi, ingawa huepusha kuongeza mfupa.

== Tahadhari ==
Uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari ya vipandikizi kushindwa kushika. Vipandikizi havitoboki kama meno, lakini uchafu ukijikusanya ufizi huvimba na mfupa huliwa. Kwa hiyo usafi wa kila siku na uchunguzi wa mara kwa mara ni wa lazima.