Istilahi za Risasi: Ganda, Ujazo na Kiasi cha Baruti

Neno risasi, lenye asili ya Kiarabu, limebebeshwa kazi tatu katika Kiswahili: madini yenyewe, kipande kirushwacho na bunduki, na kitu kizima chenye ganda, fataki, baruti na kipande hicho. Katika mazungumzo ya kila siku hapana hasara. Katika maandishi ya historia na ufundi hasara ipo, na rivolva za jeshi la Marekani zaidhihirisha.

Mwaka 1873 jeshi hilo lilichagua rivolva ya Colt yenye kipenyo cha inchi 0.45. Ganda la risasi yake lilikuwa na urefu wa karibu inchi 1.29, na katika risasi zilizouzwa madukani lilitiwa greni 40 za baruti nyeusi, yaani gramu 2.6 hivi. Mwaka 1875 jeshi likapokea pia rivolva ya Smith & Wesson iitwayo Schofield, yenye kipenyo kile kile lakini silinda fupi zaidi. Ganda lake la inchi 1.10 lilitiwa greni 28, yaani gramu 1.8. Risasi fupi iliingia katika bastola zote mbili. Ndefu haikuingia katika Schofield. Jeshi likalazimika kutengeneza ile fupi kwa matumizi ya zote.

Ni dhahiri basi kwamba kutaja kipenyo peke yake hakutoshi. Wala kiasi cha baruti si sawa na ujazo wa ganda. Jina .44-40 lilitaja kipenyo na greni za baruti, si nafasi iliyomo. Maganda ya kale yalikuwa na kitako chembamba, chenye uwazi kuzunguka fataki. Ya baadaye yana kitako kinene. Kwa nje urefu ni ule ule, lakini greni 40 haziingii tena ila kwa kushindiliwa sana.

Hapana budi, kwa hiyo, kutenganisha maneno. Risasi liwe jina la kitu kizima. Kipande kirushwacho kiitwe kichwa cha risasi. Ujazo wa ganda uwe nafasi ya ndani, na kiasi cha baruti uzito uliotiwa humo. Greni nayo ibaki greni: mfasiri akiandika punje 40 za baruti, msomaji atahesabu chembe badala ya kupima uzito.